Ushuhuda Katika Darasa la Kiingereza

Mjomba wangu alikuja Stockholm zamani kusomea mitambo na hakurudi tena. Alikuwa na mzaha mmoja juu yangu. Alisema mimi nikiulizwa ni saa ngapi, kwanza nitataka kujua kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu, kisha nitaeleza jinsi binadamu walivyoanza kupima wakati, na mwenye kuuliza atakuwa ameshaachwa na basi. Nilikuwa nikiishi kwake Sundbyberg, katika chumba kidogo kinachotazama reli, na mzaha huo ulirudi karibu kila tulipokunywa chai. Sikuupinga, kwa sababu ulikuwa kweli.

Vuli ile nilikuwa na shahada mpya ya fasihi ya Kiingereza na kazi ya muda. Kabla ya hapo nilikuwa nikipanda treni ya alfajiri kwenda Märsta kusafisha ndege kabla abiria hawajaingia. Kazi ile haikuwa na aibu, na wenzangu walikuwa watu wema, lakini kila nilipopangusa vimeza vya viti nilikuwa naandaa masomo kichwani kwa wanafunzi ambao sikuwa nao. Kisha mwalimu mmoja wa sekondari ya juu, huko kusini, vituo vichache kutoka Vårby gård, alijifungua, nami nikachukuliwa kushika nafasi yake hadi Krismasi.

"Na baada ya Krismasi?" nilimuuliza mkuu wa shule.

"Tutaona," alisema. Alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, asiyependa kutumia maneno mawili mahali ambapo moja lingetosha. "Mwezi wa kumi na mbili nitakuja kukaa darasani kwako. Nikishaona, nitaamua kama uendelee hadi kiangazi."

Neno lile "tutaona" nililibeba kila mahali. Nililipeleka sokoni, nikalala nalo, nikaamka nalo. Nilijiuliza kama amelisema kwa kunitia moyo au kwa kunitayarisha. Nikamuuliza mjomba.

"Amesema tutaona," mjomba akajibu, "maana yake mtaona. Kula chakula."

Sehemu ya kozi niliyoikuta haijafundishwa ilikuwa ile iliyowatoa machozi walimu wengi: maandishi ya mwanzo ya Marekani. Wahamiaji wa kwanza waliovuka bahari kwa ajili ya dini yao wakakutana na baridi na njaa. Mahubiri marefu. Baadaye wale wanafikra waliosema mtu asifuate kundi, aisikilize nafsi yake, aende peke yake penye miti na maji akajifunze kuishi. Mimi niliyapenda maandishi hayo kwa dhati. Nilikuwa nimeyasoma chuoni nikiwa mgeni katika nchi hii, na yalinisaidia kuvumilia giza la saa tisa mchana. Niliamini kwamba vijana wa shule ile, ambao wazazi wao walitoka kila pembe ya dunia, wangejiona ndani yake mara moja.

"Hawa walikuwa wahamiaji," niliwaambia siku ya kwanza, nikiwa nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo mbele ya kioo. "Walifika nchi ya baridi wasiyoijua. Je, hawawakumbushi mtu?"

Kijana mmoja wa safu ya mbele akainua mkono. Wazazi wake walikuwa Wakurdi, na yeye ndiye alikuwa mchekeshaji rasmi wa darasa.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Huddinge," alisema. "Nimehama kutoka wapi? Kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya tano."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka nalo, lakini njiani kurudi nyumbani nililifikiri jibu lile hadi nikapitiliza kituo changu.

Katika darasa lile kulikuwa na binti mmoja, Mkongomani, aliyeketi karibu na dirisha. Kila tulipokutana koridoni alinisalimia kwa Kiswahili, "Shikamoo mwalimu," na kichwa akakiinamisha kidogo. Ndiye peke yake katika shule nzima aliyeniita mwalimu kwa Kiswahili. Wengine wote, kwa desturi ya nchi, waliniita kwa jina la kwanza kama vile tunacheza mpira pamoja. Darasani, hata hivyo, hakuwahi kusema. Akiulizwa kitu alitabasamu na kutazama meza. Maandishi yake yalikuwa mazuri, ila alama ya kozi ilidai pia mtu azungumze, na kwa kuzungumza hakuwa na alama hata moja. Nilijilaumu kwa hilo pia. Nilijilaumu kwa mengi vuli ile.

Wiki chache zikapita, na masomo yangu yakawa yanakwenda kama mkokoteni usiotiwa mafuta. Nilisoma, niliuliza, nilijijibu mwenyewe. Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni la ajabu kwa uzuri wake. Nyuma ya shule kulikuwa na msitu unaoshuka hadi ziwani. Kwa nini tuwasome watu waliokwenda msituni huku tumekaa chini ya taa za umeme? Niliomba ruhusa, nikapewa bila swali, kwa sababu hapa kumpeleka mtoto msituni ni kama kwetu kumpeleka kwa bibi yake. Nikawaongoza hadi penye misonobari. Nikawaambia kila mmoja achague mti wake, mbali na wenzake, azime simu, akae kimya hadi nitakapopuliza filimbi, kisha aandike alichokisikia.

Wanafunzi wa Kiswidi walikwenda wakakaa kama waliozaliwa pale. Wengine wote, ndani ya muda mfupi, walikuwa wamekusanyika penye jiwe moja kubwa, wakigawana viazi vya kukaanga vya pakiti.

"Tumesema kila mtu peke yake!" niliwaambia.

"Tuko peke yetu," akajibu yule mchekeshaji, "ila pamoja."

Yule binti hakwenda penye jiwe wala penye mti. Alibaki kwenye njia, koti limefungwa hadi kidevuni, uso ameugeuzia kule shule iliko. Nilidhani anasikia baridi. Nilimwuliza kwa Kiswahili kama anataka skafu yangu. Akatikisa kichwa. Nilipopuliza filimbi alikuwa wa kwanza kuondoka.

Siku iliyofuata, jioni, simu yangu ililia. Ilikuwa sauti ya mama, yenye Kiswahili cha Kongo ambacho mwanzoni kilinibidi nikisikilize kwa kukaza masikio.

"Mwalimu? Mimi niko mama ya ule binti wa ku dirisha. Habari ya kazi?"

"Nzuri mama, shikamoo."

"Marahaba mwana yangu. Bon. Minauliza tu, usikasirike. Munafanyaka nini na batoto mu pori?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza falsafa, nikaeleza maumbile, nikaeleza jinsi mtu anavyohitaji kuwa mbali na kelele ili ajisikie. Mama alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Kwa hiyo mulikuwa munatafuta kimya," alisema.

"Ndiyo mama. Kimya."

"Eh, mwalimu." Akavuta pumzi. "Sisi pori tunaijua. Tuliishi mule na ule mutoto, alikuwa mudogo. Mu pori kimya ikikuja, hauketi chini. Unabeba mutoto, unakimbia."

Mimi, ambaye mjomba alisema nina aya tatu kwa kila jambo, nilishika simu na midomo wazi.

"Amekuja nyumbani hakukula," mama akaendelea. "Nimemuuliza, ananijibu na Kiswidi: si kitu, mama, si kitu. Leo asubuhi ndiyo ameniambia."

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje? Haukukuwako. Sikukuita juu ya kukugombeza. Minataka kukuuliza ingine. Anasema mu darasa yako hasemake kitu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Hata neno moja."

Mama akacheka, kicheko kirefu kilichonishangaza. "Ule? Ule mutoto hasemake? Kuja siku ya Mungu ku kanisa yetu, Vårby gård. Kuja uone."

Niliifikiri ziara ile kwa namna zote. Je, mwalimu anaruhusiwa kwenda kanisani kwa mwanafunzi wake? Je, nikienda nitaonekana napendelea, na nisipoenda nitaonekana nimekimbia? Mjomba alinisikiliza akiwa anapiga pasi shati lake.

"Umeitwa na mama wa watu," alisema. "Umemkosea mtoto wake, akakuita kwa wema. Unavaa gauni lile la bluu, unakwenda. Hilo nalo lina mjadala?"

Kanisa lenyewe lilikuwa ukumbi wa kukodi chini ya jengo la maduka, viti vya plastiki, kinanda, na harufu ya wali ukipikwa chumba cha pili. Mimi nilikulia kanisa lenye utaratibu, mchungaji anasema na sisi tunajibu kwa kitabu. Kule, baada ya nyimbo, aliyeongoza ibada alisema tu, "Nani iko na ushuhuda?" na watu wakaanza kusimama.

Mzee mmoja alisimama akasema, "Bwana asifiwe," wote wakaitikia "Amina," akaeleza kwamba amefaulu mtihani wa leseni ya udereva baada ya kushindwa mara nyingi hadi mtahini akajua na habari za wajukuu zake. Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja alishukuru kwa karatasi za ukaazi za dada yake. Kijana mmoja alishukuru kwa sababu hakupata kazi aliyoitaka, na sasa ameelewa kwa nini. Hakuna aliyesahihisha Kiswahili cha mwenzake, na humo kulikuwa na Kiswahili cha Bujumbura, cha Bukavu, cha Nairobi na cha Mwanza, na Kifaransa kikipenya kila mahali. Mtu alisimama, akasema lililompata, wakampokea, akakaa.

Kisha akasimama binti wangu wa dirishani. Alifumba macho kidogo, akasema "Bwana asifiwe" kwa sauti iliyofika mlangoni, na akaongea. Alieleza ugomvi wake na rafiki na jinsi walivyopatana kwenye treni. Alikuwa na mzaha. Aliigiza sauti ya rafiki yake, watu wakashika mbavu. Alijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kuharakisha. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikahisi kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kumbe ameivaa.

Maana hilo nililokuwa nikiliona nililisoma chuoni. Katika makanisa ya wale wahamiaji wa kwanza wa Marekani, aliyetaka kupokewa kuwa mshirika alilazimika kusimama mbele ya watu wote na kueleza kwa maneno yake mwenyewe yaliyoupata moyo wake. Wengine waliandikiwa maneno hayo na yakabaki hadi leo: wakulima, watumishi wa nyumbani, wajane, watu wasiokuwa na elimu, wakisema walivyoogopa na walivyotumaini. Nilikuwa nimeyasoma kama mambo ya kale. Na hapa, chini ya maduka ya Vårby gård, mwanafunzi wangu alikuwa akiyafanya kila wiki, kisha anakuja kwangu namuuliza maswali ya ukurasa wa arobaini.

Mama alinipa sahani ya wali na sombe, kisamvu cha kwao, baada ya ibada. "Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, mama."

"Hasemake," alirudia, akacheka tena. Binti yake akamwambia kitu kwa Kiswidi kwa haraka, nadhani kwamba anamwaibisha.

Sasa nilikuwa na wazo la pili, na baada ya yale ya msituni nililiogopa wazo lolote langu. Isitoshe, shule ya serikali hapa hairuhusiwi kufanya ibada darasani. Kufundisha kuhusu dini, ndiyo. Kuifanya, hapana. Niliwaza mstari ule uko wapi hasa. Kama wanafunzi watasimama na kueleza yaliyowapata, je, huo ni ushuhuda au ni mazungumzo? Watu wataitikia nini? "Amina" haiwezekani. "Asante" ya Kiswidi husemwa hata ukifunguliwa mlango. Nikachagua neno moja: "Tumesikia." Nililijaribu kwa mjomba.

"Tumesikia," akasema mjomba. "Zuri. Hata kama hujakubali, umesikia. Lini utafanya?"

"Siku ile mkuu atakapokuja."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Siku hiyo hiyo? Kwa nini usiwape imla wakatulia?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana na wasiwasi kuliko mimi. Niliona tu kwamba kama nitarudi Märsta baada ya Krismasi, basi nirudi baada ya kufundisha mara moja kama nilivyotaka.

Siku yenyewe theluji ya kwanza ilikuwa imenyesha na kuyeyuka, na viatu vya wanafunzi vililia sakafuni. Mkuu wa shule alikaa nyuma, kalamu mkononi. Niliwaeleza darasa jinsi watu wale wa zamani walivyosimama mbele ya mkutano. Nikasema sisi hatutazungumzia dini zetu. Kila mmoja, kwa Kiingereza, atasema jambo moja lililompata maishani ambalo maandishi tuliyosoma yamelikumbusha. Hakuna kusahihishana. Akimaliza, wote tutasema: tumesikia.

Hakuna aliyesimama. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla. Nilitazama viatu vyangu. Nilianza kuhesabu kichwani nauli ya kwenda Märsta.

Kijana mmoja wa Kiswidi, mrefu, mwenye kuzungumza kwa nadra, akasimama. Alisema babu yake ana nyumba ndogo msituni isiyokuwa na umeme, na tangu bibi alipofariki huenda huko na kukaa bila kuzungumza. Kila kiangazi yeye hupelekwa amfuate. "Nilifikiri ni adhabu," alisema. "Sasa nafikiri labda wananituma ili asiwe peke yake kabisa." Akakaa haraka, masikio mekundu.

"Tumesikia," tukasema, si kwa pamoja.

Mchekeshaji akasimama akaeleza jinsi simu yake ilivyoharibika na akalazimika kuzungumza na dada yake wiki nzima. "Ni mtu mzuri," alisema kwa mshangao. "Anafanya kazi dukani. Sikujua." Wakacheka, na tukasema tumesikia.

Ndipo kiti cha karibu na dirisha kikasogea.

Binti alisimama. Akafumba macho kidogo, kama nilivyomwona akifanya kule kanisani, akafungua kinywa, na kwa sauti ile ile iliyofika mlangoni akasema, kwa Kiingereza safi:

"Bwana asifiwe."

Mchekeshaji, Mungu ambariki, akaitikia, "Amina!" na wote wakalipuka kwa kicheko. Nilimwona mkuu wa shule akiinua kichwa na kalamu yake ikishuka kwenye karatasi. Nilitaka kusema kitu, na kwa mara nyingine maneno yangu yote yalikuja mlangoni kwa pamoja na hakuna lililopita.

Aliyetuokoa ni binti mwenyewe. Alijiziba uso kwa mikono, mabega yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Samahani," alisema. "Nimekosea ukumbi."

Wakacheka naye, na kicheko hicho kilikuwa kingine kabisa. Akangoja kitulie. Alijua kungoja.

"Mtu tuliyemsoma alikwenda msituni ili ajipate," alisema. "Mama yangu alikwenda msituni ili asipatikane. Mimi nilikuwa mgongoni. Sikumbuki chochote. Lakini nyumbani kwetu redio haizimwi. Tukila inaongea, tukilala inaongea. Mimi na kaka yangu tunagombana naye kwa sababu ya hiyo redio. Tulifikiri ni tabia ya watu wazima wa Kongo. Siku ile mwalimu alipotupeleka msituni, pakawa kimya, na mimi nikatamani redio."

Hakuna kiatu kilicholia.

"Nilimkasirikia yule mwandishi. Nikasoma hadi mwisho ili nimkasirikie vizuri. Na sasa namwonea wivu kidogo tu. Yeye miti haijawahi kumtisha. Ningependa siku moja nikae pale chini ya mti, nisikie hakuna kitu, na iwe kweli hakuna kitu."

Akakaa. Tulisahau neno letu. Kisha mchekeshaji akalisema peke yake, taratibu, bila mzaha, na sisi tukamfuata.

Kengele ilipolia, mkuu wa shule alikusanya karatasi zake akaja mezani kwangu. Nilikuwa nimeandaa utetezi wenye sehemu nne: tofauti ya kufundisha na kuabudu, uhuru wa mwanafunzi, historia ya kanisa, na kuomba radhi.

"Lile la mwanzo," alisema, "la yule msichana."

"Ndiyo," nikasema. "Naweza kueleza."

"Hukulipanga wewe. Nimeona uso wako." Akavaa skafu yake. "Walio nyuma hawasikii vizuri. Mwezi wa kwanza panga viti kwa duara." Akaondoka.

Nilikwenda kituoni nimevunjika moyo. Walio nyuma hawasikii. Nilifundisha miezi yote ile na walio nyuma hawakusikia, na hilo ndilo jambo pekee aliloliona. Nilimpigia mjomba kutoka jukwaani nikamsimulia yote, kuanzia saa ya ukutani hadi skafu.

"Hebu rudia alivyosema mwisho," alisema mjomba.

"Kwamba walio nyuma hawasikii."

"Baada ya hapo."

"Nipange viti kwa duara."

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza."

Treni ikaingia, milango ikafunguka, watu wakapanda, milango ikafungwa, na mimi nimesimama pale pale.

"Mwanangu," alisema mjomba, "mwezi wa kwanza ni baada ya Krismasi."

Niliicheka nafsi yangu peke yangu jukwaani hadi mama mmoja mwenye mbwa akasogea kando.

Jumapili iliyofuata nilirudi Vårby gård na keki aliyoinunua mjomba, kwa sababu yangu iliungua. Sikuwa na nia ya kusema chochote. Nilitaka kukaa nyuma, nimshukuru mama faraghani, niondoke. Lakini habari ilikuwa imenitangulia, na aliyeongoza ibada alipouliza nani ana ushuhuda, mama aligeuka kutoka safu ya pili.

"Mwalimu, Mungu akufanyie vile, na weye unyamaze?"

Watu wote wakageuka. Binti yake akaficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo, na nikajua anafurahia kila dakika.

Nilisimama. Mambo yalikuwa mengi. Nilitaka kusema habari za watu wa kale waliosimama kama mimi, wakiogopa kupimwa. Nilitaka kusema juu ya redio isiyozimwa, na babu asiyeongea, na mama aliyeweza kunigombeza akachagua kunialika. Nilitaka kusema kwamba nilikwenda darasani kuwaonyesha vijana jinsi maandishi ya kale yanavyogusa maisha yao, na wao ndio walionionyesha mimi. Nilifikiri lipi lianze.

"Bwana asifiwe," nilisema.

"Amina!"

"Nimepata kazi."

Nikakaa. Watu wakangoja yaliyobaki, kisha kikaanza kicheko huku na huku, na mzee wa leseni ya udereva akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Wakati nyimbo zikianza, mama aliinama juu ya kiti akanishika bega.

"Ushuhuda yako ilikuwa mufupi sana, mwalimu," alininong'oneza. "Na haukusema aksanti."

Basi kinanda kikiwa bado kinalia, nikasimama mara ya pili.